Kutoka Kichwani Hadi Usukani

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizigo ya jeshi la Waingereza ilitoka Ukambani juu ya vichwa vya watu. Mbung'o waliua ng'ombe na punda waliojaribiwa kwa kazi hiyo, mvua iligeuza njia kuwa matope, na magari machache yaliyokuwako yalizama hadi kwenye ekseli. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, alipewa jukumu la kukusanya wachukuzi nchi nzima, na machifu wa Kitui na Machakos wakatakiwa kutoa watu kama machifu wa wilaya nyingine. Makueni wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos. Ilikuja kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Hesabu za serikali, ambazo wanahistoria wengi huziona pungufu, zinataja zaidi ya wachukuzi 40,000 wa Kenya waliokufa katika vita hivyo. Walioangushwa na kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi.

Vita vya pili vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1940, watoto wa wachukuzi hao walikuwa watu wazima. Safari hii jeshi liliwataka Wakamba wengi vilevile, lakini maelfu yao hawakuwekewa mzigo kichwani. Waliwekwa nyuma ya usukani wa malori, na malori mengi kati ya hayo yalikuwa yametoka Kanada, nchi ambayo haikuleta hata kikosi kimoja cha askari wake kupigana katika ardhi hii. Historia ya KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika wa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, imeandikwa sana kwa upande wa bunduki. Upande wa usukani umepewa kurasa chache mno, na mimi naona huko ndiko maisha ya watu wa Kitui na Makueni yalikobadilika zaidi.

Mkamba alikuwa msafiri kabla ya kuwa askari. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilishuka kutoka Kitui hadi Mombasa chini ya wakuu kama Kivoi wa Mwendwa, yule aliyempokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, katika safari iliyowezekana kwa sababu watu wa Kivoi waliijua njia: maji yako wapi, kambi ipigwe wapi, nyika ya Yatta ivukwe majira gani. Maofisa wa Kiingereza waliokuja baadaye hawakuyataja sana maarifa hayo. Wao walipenda kusema Wakamba ni kabila la kijeshi, watiifu na hodari kwa kuzaliwa. Sababu zilizowapeleka vijana jeshini zilikuwa za kawaida zaidi: kodi, ukame, ardhi ya vilimani iliyokwisha kumomonyoka, na ukosefu wa kazi yenye mshahara wa maana karibu na nyumbani.

Tena utiifu huo ulikuwa umeonyesha mipaka yake mwaka mmoja tu kabla ya vita. Serikali iliamua kupunguza mifugo ya Machakos kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wengi wakielekezwa kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig's kilichojengwa Athi River. Julai 1938 Wakamba kwa maelfu walitembea hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakakaa huko wakidai kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Muindi Mbingu aliyewaongoza alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini ukamataji wa ng'ombe ulisimamishwa. Wakubwa wa Nairobi walijua kwamba ndugu za watu wale walikuwa wamejaa katika KAR na katika polisi, na vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ilirudi Ukambani kuomba vijana.

Kanada inaingia katika habari hii kwa njia ya biashara kwanza. Kampuni ya Ford ya Kanada ilianzishwa mwaka 1904 karibu na mji wa Windsor, ng'ambo ya mto kutoka Detroit, na tangu mwanzo ilipewa haki ya kuuza magari katika makoloni ya Uingereza. General Motors nayo ilikuwa na kiwanda chake Oshawa, kando ya Ziwa Ontario. Kwa hiyo Ford au Chevrolet iliyonunuliwa na mkulima mzungu wa Kenya au mfanyabiashara Mhindi kabla ya vita ilikuwa na uhusiano wa karibu na viwanda hivyo. Vipuri vyake vilijulikana, na mafundi wa Nairobi walishamfungua mnyama huyo mara nyingi.

Kisha ikaja Dunkirk. Mei na Juni 1940 jeshi la Uingereza lilikimbia Ufaransa likiwa limeacha nyuma magari zaidi ya 60,000. Viwanda vya Uingereza peke yake visingeweza kuziba pengo hilo, na Kanada ikaombwa kuunda malori kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Nchi ya watu wasiofika milioni 12 iliunda magari ya kijeshi zaidi ya 800,000 hadi vita kwisha, na kati ya hayo zaidi ya 400,000 yalikuwa ya mtindo mmoja uliokubaliwa na Ford na Chevrolet kwa pamoja. Usukani uliwekwa kulia, kwa mtindo wa Kiingereza. Mengi yalisafirishwa yakiwa vipandevipande ndani ya makasha ya mbao, yakaungwa Port Elizabeth, Bombay, Misri na kwingineko. Kiwanda cha Ford huko Windsor kiliunda pia karibu magari 29,000 madogo ya minyororo, yale yaliyobeba askari wachache na bunduki ya Bren.

Lori hilo la Kanada linastahili kutazamwa kwa karibu. Pua yake ni fupi, kana kwamba limegonga ukuta na kuendelea na safari. Ufupi huo ulikuwa na sababu: nafasi ya mizigo inaongezeka, na meli inabeba magari mengi zaidi. Lakini injini iliyonyimwa nafasi mbele iliingia ndani ya kebini, kando ya miguu ya dereva. Ford ilikuwa na injini ya silinda nane yenye nguvu za farasi 95, Chevrolet ya silinda sita yenye nguvu za farasi 85, na zote mbili zilimchoma mguu yule aliyeziendesha mchana wa nyika. Pedali zilibanana. Katika kebini ya mtindo wa mwisho kioo cha mbele kiliinamishwa kuelekea chini, ili mwanga wa jua usimulike juu na kuonekana na rubani wa adui. Na gia zake hazikujilinganisha zenyewe. Dereva alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akapiga moto kidogo ili injini na gia ziende mwendo mmoja, akakanyaga klachi tena, ndipo akaingiza gia ya chini. Hayo yote aliyafanya akiwa anateremka korongo na tani tatu za mizigo mgongoni. Aliyekosea alisikia meno ya gia yakisagana, na sajini naye alisikia.

Tani tatu ni mzigo wa watu wangapi? Mchukuzi wa 1917 alibebeshwa takriban kilo 25. Lori moja, basi, lilibeba mizigo ya watu 120 hivi, na halikuhitaji posho ya watu 120 ambao sehemu ya walichobeba walikula wenyewe njiani. Sijui hesabu nyingine inayoeleza vizuri zaidi kwa nini vita vya pili havikumaliza vijiji vya Kitui kama vya kwanza.

Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940, na kwa ghafula mpaka wa kaskazini wa Kenya ukawa uwanja wa mapambano. Moyale ilitoka mikononi mwa Waingereza Julai. Ili kuishambulia Somalia ya Waitaliano, jeshi lilihitaji kusogeza watu, maji, risasi na petroli hadi Mto Tana, na njia kuu ya kufika Garissa ilianza kwenye kituo cha reli cha Thika, ikakatiza kaskazini mwa Kitui: Kanyonyo, Mwingi, Nguni, Ukasi, kisha tambarare hadi mtoni. Leo ni lami. Wakati ule ilikuwa udongo mwekundu wenye vumbi la kuziba pua wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua mito ya mchanga ilijaa maji kwa saa chache na kuusimamisha msafara wote ukingoni.

Petroli ilisafirishwa ndani ya madebe ya bati ya galoni nne. Yalivuja. Barabara yenye mawimbi ilitikisa lori kutwa nzima, maungio ya bati yakafunguka, na sehemu ya mafuta ikamwagika kabla ya kufika, huku mvuke wake ukimzunguka dereva na msaidizi wake. Maji yalihesabiwa kwa ukali uleule. Rejeta iliyochemka ilikunywa maji ambayo yangenywewa na watu, na wahandisi wa Afrika Kusini walilazimika kutoboa visima katika nyika ya kaskazini ili brigedi ziweze kukaa huko. Kwa mtu aliyekulia Nguni au Nuu, hakuna kilichokuwa kigeni katika hesabu hiyo ya maji. Kigeni kilikuwa chombo.

Malori ya kwanza katika njia hiyo yalikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na ya raia yaliyochukuliwa kwa lazima, kulikuwa na Ford na Chevrolet zilizoungwa Afrika Kusini, na wengi wa waliozileta walikuwa madereva wa Cape Corps, machotara wa Rasi. Yale ya pua fupi yaliongezeka kadiri vita vilivyoendelea. East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi cha makoloni yetu, kilipanuka haraka, na kijana aliyetoka nyumbani bila kuwahi kugusa usukani alifundishwa kuendesha, kubadilisha tairi, kuziba pancha, kusafisha plagi na kusoma geji, kwa Kiswahili cha jeshi.

Jenerali Alan Cunningham, aliyeongoza jeshi la Waingereza upande wa Kenya, alikuwa amepanga kushambulia baada ya mvua za masika ya 1941. Alipoona Waitaliano wanalegea, aliharakisha. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari, Mto Juba ukavukwa siku chache baadaye, na tarehe 25 Februari askari wa Naijeria waliingia Mogadishu. Huko walikuta galoni 350,000 za petroli ambazo Waitaliano hawakuzichoma, na bila shaka ndizo zilizowapeleka mbali. Harar ilichukuliwa tarehe 26 Machi. Tarehe 6 Aprili brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki iliingia Addis Ababa, baada ya mwendo wa karibu maili 1,700 katika siku 53. Hakuna jeshi linalokwenda hivyo kwa miguu. Walikwenda kwa magari, na magari yalikwenda kwa sababu kuna watu waliokesha chini yake wakifunga springi zilizovunjika.

Magari ya deraya ya safari hiyo yalikuwa hasa ya Afrika Kusini, aina ya Marmon-Herrington. Asili yake ilikuwa lori pia. Chasi na injini zilikuwa za Ford ya Kanada, vifaa vya kuendesha magurudumu yote manne vilibuniwa na kampuni ya Marekani iliyoipa gari jina, na mabamba ya chuma yalitoka kiwanda cha ISCOR cha Pretoria. Zaidi ya 5,700 yaliundwa hadi mwisho wa vita. Unene wa chuma chake haukuzidi milimita 12 hivi, wa kutosha kuzuia risasi ya bunduki na si zaidi. Waliokaa ndani ya magari hayo ya Afrika Kusini walikuwa wazungu. Serikali ya Muungano wa Afrika Kusini ilikataa kuwapa watu weusi silaha za moto, hata walipokuwa wamevaa sare yake. Kwa hiyo katika barabara moja ungeona viwanda vilevile vya Kanada vikimhudumia mzungu aliyefunikwa na chuma, na nyuma yake Mwafrika au chotara aliyeendesha petroli akiwa amekingwa na bati la mlango tu. Nikiufikiria msafara ule, picha hiyo ndiyo inayonikera zaidi, kwa maana ndege ya adui hulenga lori la mafuta kwanza.

Na KAR? Askari wake walikutana na vifaru vya Waitaliano kwa miguu. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito kusini mwa Ethiopia, vifaru vilitokea ghafla vichakani na kuvamia kampuni za kikosi cha kwanza cha 6 KAR zilizokuwa zimevuka mto bila silaha ya kuvizuia. Sajini Nigel Leakey, mzungu wa Kenya, alirukia kifaru kimoja kutoka nyuma, akafungua mfuniko, akawapiga bastola waliokuwa ndani na kumlazimisha dereva akipeleke pembeni. Aliposhindwa kuutumia mzinga wake, alivifuata vingine kwa miguu, akapanda kingine na kufungua mfuniko, na hapo kifaru kilichofuata kikamuua kwa risasi. Alipewa Victoria Cross mwaka 1945, na jina lake liko kwenye ukumbusho wa makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Ujasiri wake hauna ubishi. Lakini tukio lenyewe linaonyesha pia jinsi jeshi letu lilivyopelekwa mbele likiwa halina deraya, likitegemea kifua cha mtu.

Mambo yaliyofuata nayapita haraka. Novemba 1941 kikosi cha magari ya deraya cha Kenya kilifika viungani mwa Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano, siku iliposalimu amri. Septemba 1942 brigedi ya 22 ilishuka Majunga, Madagaska, ikaenda hadi Antananarivo pamoja na magari ya deraya ya Afrika Kusini, ikiondoa mamia ya vizuizi vya mawe na miti njiani.

Makueni iliviona vita kwa dirisha la reli. Kila kilichoshushwa Kilindini kwa ajili ya Nairobi kilipanda kupitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, na kutoka 1943 treni ziliteremka vilevile zikiwa zimejaa askari wa divisheni ya 11 waliokuwa wakipelekwa Ceylon. Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi na kuzama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Wenzao waliofika walipigana Burma, katika bonde la Kabaw, kuanzia Agosti 1944. Hapo hata lori la Kanada lilishindwa. Masika ya Asia yaligeuza bonde kuwa kinamasi, magurudumu manne yakavuta tope tupu, na chakula kikaangushwa kwa ndege. Kulikuwa na nyakati ambapo mizigo ilirudi mabegani mwa watu, kama 1917. Huko pia chasi za Kanada zilikuwa zimevishwa chuma: viwanda vya Tata vya Jamshedpur, India, viliunda zaidi ya magari 4,000 ya deraya juu ya Ford na Chevrolet hizohizo. Kalewa ilichukuliwa tarehe 2 Desemba, na juu ya Mto Chindwin likatandazwa daraja la vyuma la futi 1,154, refu kuliko daraja lolote la aina yake duniani wakati huo. Msafara wa malori uliovuka hapo ulisaidia kulisha jeshi lililoikomboa Burma.

Vita vilipokwisha, malipo ya kuagwa yalipimwa kwa rangi. Mwafrika aliyetumikia muda uleule kwa cheo kilekile alipata hadi mara tatu chini ya mzungu. Serikali ilidhani atarudi shambani bila maneno, na katika Makueni ilianza kufyeka vichaka vya mbung'o ili kuhamishia huko watu wa vilima vya Machakos vilivyochakaa. Wengi walisita kwa muda mrefu. Walikumbuka ng'ombe wa 1938, na masharti ya mifugo waliyowekewa yalifanana mno na yale waliyoandamana kuyapinga.

Dereva alirudi na kitu kisichoweza kupunguzwa kwa amri. Alijua injini. Tatizo lilikuwa kwamba jeshi lilikuwa limefundisha madereva wengi kuliko kazi zilizokuwapo, na leseni za uchukuzi na mkopo wa benki vilikuwa vigumu kwa Mwafrika kuvipata. Askari wa zamani katika sehemu nyingi za Kenya walichanga pesa zao za kuagwa, wakanunua pamoja lori la jeshi lililotumika, wakaanza kusafirisha mahindi na abiria kwenda sokoni. Kampuni nyingi kati ya hizo zilikufa ndani ya miaka michache kwa kukosa vipuri, mtaji na leseni za njia. Madereva wake hawakuacha usukani. Waliajiriwa na wenye magari, Wahindi na wazungu, wakaendelea kuendesha barabara za Kitui na Makindu kwa mshahara.